Judy Heumann na Kazi Aliyotuachia

Kila ninapofikiria mustakabali wa harakati za haki za watu wenye ulemavu, mawazo yangu hurudi Aprili 1977, pale Judy Heumann, mwanaharakati Mmarekani aliyetumia kiti cha magurudumu, ambaye miaka saba kabla alikuwa ameishtaki bodi ya elimu ya New York kwa kumnyima leseni ya ualimu, alipolikalia pamoja na wenzake jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai kanuni za Kifungu cha 504, sehemu ya sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu katika miradi inayofadhiliwa na serikali, zitiwe saini. Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani walipeleka habari nje kwa lugha ya alama kupitia madirisha, na chama cha Black Panther, cha wanaharakati Wamarekani weusi, kikawaletea chakula. Kanuni zilitiwa saini tarehe 28 Aprili.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulikuja 2006. Heumann alifariki Machi 2023. Kwa maoni yangu, kazi iliyobaki ni ngumu zaidi (nayo haivuti kamera): kusimamia utekelezaji wa sheria zilizopo, na kuhakikisha kwamba wenye ulemavu wa akili, ambao hata harakati zenyewe zimewasahau mara nyingi, wanashika uongozi badala ya kusemewa na wengine.