Gari lilitetemeka Kitonga

Wiki nzima gari langu lilikuwa likitetemeka kila nikikanyaga mafuta. Nikiachia, linatulia. Nilishabadilisha mauntingi za injini, zile raba zinazoishikilia, wapi.

Leo asubuhi tunapanda mlima Kitonga, malori nyuma, mama yangu kiti cha pembeni, likaanza kutikisika vibaya. Taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Mama kashika mlango, kimya. Niliogopa jamani.

Tukajikongoja hadi Ilula. Fundi, kijana mdogo tu, akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi: P0302. Silinda ya pili inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Hakukimbilia kuniuzia kifaa, na hapo ndipo nilipomheshimu. Akahamisha koili ya silinda ya pili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, akaiweka kwenye silinda ya tatu, akapima tena.

P0303. Sasa inamisi ya tatu.

Ugonjwa umehama na koili!

Akaiinua kwenye mwanga. Ubavuni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kialama cheupe pale umeme ulipokuwa ukitorokea. Nimeutazama ufa ule muda mrefu.

Tukafunga koili mpya. Mama kalala usingizi mpaka Iringa.

Nani mwingine lilimkuta hili? Kwako ilikuwa koili, plagi au sivii jointi, kile kiungo cha ekseli ya tairi?