Bao na vitendawili vinachangamsha sana akili za watoto

Jamani kabla hujampa mtoto simu ili atulie, mchimbie mashimo hapo nje. Naongelea bao letu hili hili, safu nne za mashimo manane manane, kete 64, na kama komwe hamna hata kokoto zinatosha. Kwa watoto anzeni na bao la kujifunza, unaweka kete mbili mbili kila shimo basi mnacheza. Mi napenda pale mwanangu anaposhika kete kiganjani halafu anaganda, macho yanatembea shimo kwa shimo anahesabu kimoyomoyo ya mwisho itaangukia wapi, yani anapiga hesabu huku anamsoma mwenzake na hakuna mtu aliyemwambia kaa usome.

Umeme ukikatika tunahamia kwenye vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Usimpe jibu haraka, mwache aseme jiwe, muulize kwa nini, hapo kwenye kwa nini ndo penyewe. Akishindwa kabisa akupe mji ndo umwambie yai.

Ila wenye wadogo wanaotambaa, kete zihesabuni mkimaliza, wasije wakaweka mdomoni.