Siku moja maishani mwangu: ninapima michoro ya gemu ya bao

Ninaandika majaribio (programu ndogo za kukagua programu nyingine) ya gemu ya bao la Kiswahili inayochezwa kwenye simu. Upande wangu ni uchoraji: mashimo 32, kete, na namba inayoonyesha kila shimo lina kete ngapi. Watu hudhani nalipwa kucheza. Sichezi.

Saa 2 asubuhi. Chai, msimbo mpya wa wenzangu, majaribio ya sheria za mchezo. Yote yamepita.

Saa 3. Jaribio la picha limekwama kwenye seva. Hili huchora ubao bila skrini, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kisha hulinganisha kila pikseli na picha tuliyokwisha kuikubali. Kwenye laptopu yangu linapita. Kwenye seva linakataa. Nakuza picha zote mbili mpaka kila pikseli inaonekana. Tofauti iko pembezoni mwa namba tu, rangi ya kijivu imekolea kidogo. Kila mashine inalainisha kingo za maandishi kwa namna yake. Naweka faili la fonti ndani ya mradi, nasubiri seva. Bado. Nabadilisha ukubwa, nasubiri tena. Bado. Mwenzangu anasimama nyuma ya kiti: "Dada, si ufungue tu gemu uangalie?" Namwambia macho huchoka, na msimbo unabadilika kila siku. Ningeweza kuruhusu tofauti ndogo, lakini nikilegeza mno, kete nzima itapotea na jaribio lipite. Hilo silikubali.

Mchana umekwenda, wali maharage nimeula baridi. Mwishowe nazitoa namba kwenye picha ile na kuziandikia jaribio la aina nyingine. Badala ya kichoraji halisi, yaani sehemu ya msimbo inayochora, naweka cha bandia: hakipaki rangi yoyote, kinaorodhesha tu kilichoamriwa. Duara hapa, "6" pale.

Orodha hiyo ndiyo iliyofichua kosa. Bao likianza, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni: 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Nyumba ni shimo la tano la safu ya mbele, kutoka kushoto kwa mwenyewe. Kwa kuwa wachezaji wanatazamana, nyumba ya yule wa juu lazima ionekane shimo la nne kutoka kushoto mwa skrini. Orodha inasema la tano kwa wote wawili! Msimbo uliugeuza ubao kama kioo badala ya kuuzungusha. Kete zilitimia 20, rangi safi, na picha ya kulinganishia ilibeba kosa hilohilo, ndiyo maana haikulalamika. Mchezaji bao yeyote wa Unguja angefunga simu papo hapo.

Kiza kimeingia ndipo tunamaliza kurekebisha. Mgongo unauma, nami nina furaha kweli. Kesho ni zamu ya kete zinazotembea: nitakipa kichoraji saa ninayoisogeza mwenyewe, ili kila hatua ipimike bila kutegemea kasi ya mashine.