Siku ya hofu yangu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na Zaburi 56, na sababu ni kwamba Jumanne usiku nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi, mama yangu yuko ndani kawekewa dripu, mimi nimepakata kanga yake na ndala zake, saa nane usiku hiyo, nikajaribu kuomba nikashindwa. Yaani maneno hayaji kabisa. Nikaanza kujilaumu, mbona mimi ndo nasimama kila Jumapili kuwaambia wenzangu habari za imani halafu leo natetemeka hivi.

Ndo ukanijia ule mstari wa 3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Nimeukariri toka mdogo ila sijawahi kujiuliza huyu Daudi aliyeuandika yalimkuta wapi. Pale juu ya zaburi pameandikwa, Wafilisti walipomkamata huko Gathi. Sasa fungueni 1 Samweli 21. Daudi anamkimbia mfalme Sauli anayetaka kumuua, hana hata mkate, kuhani Ahimeleki kule Nobu anampa mikate ile mitakatifu na upanga wa Goliathi, lile jitu la Wafilisti aliloliua mwenyewe, halafu anakimbilia wapi? Gathi! Kwao Goliathi mwenyewe! Watumishi wa mfalme wa huko wakamjua papo hapo, huyu si ndo yule waliyemwimbia kwamba kaua makumi elfu? Na Biblia haifichi, inasema alimwogopa sana Akishi mfalme wa Gathi, akajifanya chizi, akawa anakwaruza mbao za lango huku mate yanamtiririka kwenye ndevu.

Huyo ndo anayesema siku ya hofu yangu. Anakubali kwamba siku hiyo ipo, tena anaiita yake, na siku hiyohiyo ndo anamtumaini Mungu. Mi naona tumefundishana vibaya kwamba ukiogopa basi imani imekwisha, matokeo yake mtu anadaiwa kodi miezi mitatu, mwenye nyumba kashaweka kufuli, ukimsalimia kanisani anakwambia "mzima, Mungu ni mwema" halafu anaenda kulia chooni peke yake. Mstari wa 8 Daudi anamwomba Mungu ayatie machozi yake kwenye chupa yake. Ndugu yangu, hata hayo ya chooni yamo.

Na shida haikuisha siku ile. Alipotoka Gathi aliishia kwenye pango la Adulamu, na waliomfuata huko walikuwa watu wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni, kama 400 hivi.

Basi pale kwenye benchi nikamwambia Mungu neno moja tu, Baba naogopa. Nikalirudia hilohilo mpaka kukapambazuka. Mama jana kanywa uji nusu kikombe. Majibu ya vipimo tunafuata Jumatano, mtukumbuke mnapoomba, na wewe mwenye la kwako niandikie tu tuombeane.