Kilele Kwenye Sifuri Hakitoshi

Juzi usiku nilikuwa nimeketi kwenye mawe ya Capri Point pamoja na mdogo wangu, ambaye anasoma fizikia kidato cha sita, tukizitazama taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Akaniuliza: "Kaka, watafiti wanajuaje kwamba hali waliyoiona ndani ya waya ni ya kitopolojia, yaani inayotokana na waya mzima na isiyoharibiwa na dosari ndogo za mahali pamoja, na si ya kawaida?"

Nilianza na nadharia ya mwaka 2010. Waya mwembamba mno wa semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi) ukigusanishwa na superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana), ukapozwa hadi karibu na sifuri kamili na kuwekwa kwenye uga wa sumaku uliovuka kiwango fulani, kila ncha yake inapaswa kupata hali yenye nishati sifuri, iitwayo Majorana. Mwaka 2012 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliona kilele cha upitishaji wa umeme kwenye volti sifuri, ishara iliyotarajiwa ya hali hiyo, na wengi tukafurahi.

Tatizo ni kwamba uchafu ndani ya waya, au umeme usiotandazwa sawasawa karibu na ncha, huweza kuzaa hali za Andreev, ambazo ni za kawaida kabisa, lakini hutoa kilele kilekile. Makala ya mwaka 2018 katika jarida la Nature, iliyodai kilele chenye kimo kamili kilichotabiriwa, iliondolewa mwaka 2021, kwa kuwa data kamili zilionyesha picha tofauti na iliyochapishwa.

Nikamwonyesha taa moja: ukiitazama hiyo peke yake, huwezi kujua kama imeunganishwa kwa kamba na nyingine iliyo mbali. Vivyo hivyo, ncha zote mbili za waya hazina budi kupimwa kwa pamoja, tena umeme uingizwe upande mmoja na kupimwa upande wa pili, ili ionekane kama pengo la nishati katikati ya waya (eneo la nishati lisilo na hali yoyote ya elektroni) linajifunga kisha linafunguka tena uga unapoongezwa, dalili kwamba waya umeingia katika hali ya kitopolojia. Kwangu mimi ushahidi huu wa katikati una uzito kuliko kilele chochote cha nchani, ijapokuwa waya wenye dosari nyingi huweza kuuiga nao. Hata kuhusu kipimo ambacho kampuni ya Microsoft ilikifanya kwenye nyaya za aina hii na kukichapisha mwaka 2025, waandishi wenyewe walikiri kwamba peke yake hakiamui kama hali hizo ni za kitopolojia.

"Sasa nini kitatosha?" akauliza. Nikamjibu kwamba ni kuzibadilishanisha nafasi hali hizo na kuona matokeo yakitegemea mpangilio wa mabadilishano, jambo ambalo katika nyaya hizi bado halijafanyika.