Kulala ndani ya Hiace Lushoto mwezi wa Julai: pasha kitanda, si gari

Lushoto iko mkoa wa Tanga, lakini aliyezoea joto la pwani akipanda huko wakati wa kipupwe hulala akitetemeka. Ndani ya Hiace ni zaidi, maana bati halishiki joto.

Piga hesabu kwanza. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa kama 1,200, yaani volti mara ampea-saa. Hita ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja na dakika chache, na hapo nasema betri ya lithiamu. Betri ya asidi usiitumie kupita nusu ya chaji yake, kwa hiyo ni nusu saa tu. Hakuna paa la Hiace lenye nafasi ya paneli za sola za kuendesha hita usiku kucha.

Blanketi la umeme la volti 12, wati 50, hula wati-saa 400 kwa saa 8. Hilo betri inalimudu. Liwashe nusu saa kabla ya kulala, kisha punguza. Usilikunje wala kulilalia likiwa limejikunja, kwani waya wa ndani hukatika au sehemu moja huchemka kupita kiasi. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, si karibu na blanketi: fyuzi inalinda waya. Na waya usiwe mwembamba. Umbali wa mita 5 kwa waya wa milimita 1 za mraba hupoteza volti 0.7 hivi, blanketi likawa vuguvugu na fundi akalaumu betri bure. Tumia wa 2.5. Blanketi la volti 230 kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) silipendekezi. Inveta nayo inakula umeme.

Paneli ya wati 200 hutoa wati-saa 700 au 800 siku ya jua zuri. Ukungu wa asubuhi na kivuli cha miti hukata hata zaidi ya nusu. Egesha penye uwazi, na kama paneli inainuliwa, ielekeze kaskazini: mwishoni mwa Juni jua la saa sita huegemea huko kwa nyuzi kama 28. Chaja ya ampea 20 inayochukua umeme wa gari likitembea huongeza wati-saa 250 kila saa, hivyo ukifika Lushoto kutoka Tanga mjini betri imeshapata ya usiku mmoja na zaidi.

Joto kubwa hutoroka kwenye vioo. Kata sponji ya sentimita 2 kwa umbo la kila kioo, na uinue godoro lisiguse sakafu. Lakini acha dirisha wazi vidole viwili; pumzi ya watu wawili hugeuka maji kwenye bati na kulowesha matandiko.

Chupa ya lita 2 ya maji ya nyuzi 80, iliyofungwa vizuri ikaviringishwa kwa taulo, hutoa wati-saa zaidi ya 100 ikipoa hadi 30. Chemsha nje, kwa gesi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata makaa yakiwa yamekolea bila moshi: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mtu akiwa usingizini.