Magazini ya Lee-Enfield na ukingo wa risasi ya .303

Wengi huichukulia magazini kama kisanduku tu cha kuwekea risasi, wakiamini kwamba maadamu risasi zinaingia, bunduki itafanya kazi. Kwa Lee-Enfield, bunduki iliyobebwa na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, katika vita vyote viwili vikuu, dhana hiyo haisimami, na sababu yake iko kwenye kitako cha ganda la risasi.

Risasi ya bunduki hiyo, .303 (yaani inchi 0.303), ina ukingo uliotokeza: kipenyo cha ukingo ni takriban milimita 13.7, ilhali mwili wa ganda ni kama milimita 11.7. Ukingo huo huizuia risasi isizame kupita kiasi ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inakofyatuliwa, na kwa kazi hiyo ni mzuri. Taabu huanza risasi zinapopangana. Ikiwa ukingo wa risasi ya juu umekaa nyuma ya ukingo wa ile iliyo chini yake, boliti, yaani kipande cha chuma kinachoingiza risasi chembani, inapoisukuma ya juu kwenda mbele kingo hizo mbili hunasana, na bunduki hukwama wakati ambao hakuna nafasi ya kuikwamua. Kwa hiyo anayejaza risasi mojamoja hana budi kuhakikisha kwamba kila anayoiweka, ukingo wake unatangulia mbele ya ukingo wa ile iliyokwisha kuingia.

Umbo la ganda nalo lina madai yake. Ganda la .303 limechongoka kuelekea mbele, hivyo risasi kumi zikipangwa hujipinda kidogo, na magazini imetengenezwa kuufuata mpindo huo. Midomo yake ya chuma ndiyo inayoamua pembe ya risasi inapoelekea chembani. Mdomo mmoja ukibonyea kidogo tu, ncha ya risasi hugonga pembeni badala ya kuingia. Ndiyo maana mimi huisisitiza midomo kuliko springi, ingawa springi ndiyo inayolaumiwa kwanza. Kwenye Lee-Enfield za mwanzo magazini ilifungwa kwa kipande cha mnyororo isitengane na bunduki yake, na askari alijaza kutokea juu, risasi mojamoja; klipu za risasi tano zilikuja baadaye. Hata magazini za No. 1 na No. 4, matoleo mawili ya Lee-Enfield, zinazofanana sana kwa macho, si za kubadilishana kiholela.

Jambo hili lilikuwa na uzito hapa kwetu. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, jeshi la Wajerumani liliteka mamia ya bunduki za Waingereza pamoja na shehena kubwa ya risasi, na shehena hiyo ilikuwa na thamani sawa na bunduki zenyewe, kwa kuwa risasi ya Mauser ya milimita 7.92, isiyo na ukingo uliotokeza, isingeweza kutumika katika bunduki hizo za Waingereza.

India ilionyesha kazi inayotakiwa mtu akitaka kubadili risasi. Miaka ya 1960 kiwanda cha Ishapore kiliiunda upya Lee-Enfield kwa risasi ya milimita 7.62 × 51, isiyo na ukingo na isiyochongoka sana. Magazini ilibidi ichorwe upya, ikawa ya pembe mraba na kubeba risasi 12. Kwa hiyo mwenye leseni anayetafuta magazini ya bunduki ya aina hii aanze kwa kusoma alama ya risasi iliyogongwa kwenye bunduki, kisha aijaribu magazini kwa risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki, akiisukuma boliti polepole na kuitazama kila moja inavyoingia chembani.